Mtu-Mashine wa Berlin: Jinsi Alivyoundwa, na Jinsi ya Kumwunda Mdogo Wake Nyumbani

Jioni moja mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11, alinijia nikiwa navua viatu, akaniwekea mapajani kitabu alichokiazima katika maktaba ya shule. Kilikuwa kimefunuliwa penye picha ya kiumbe chenye umbo la mwanamke, kimesimama wima, uso wake mtulivu usio na tabasamu wala hasira, mwili mzima uking'aa kama sinia jipya.

"Baba," akauliza, "huyu ni mtu aliyevikwa chuma, au ni chuma kilichofanywa mtu?"

Nilimjibu kwamba si hili wala si lile, ni mbao. Akadhani namtania.

Sikuwa namtania hata kidogo, kama tutakavyoona. Kiumbe yule huitwa kwa Kijerumani Maschinenmensch, yaani mtu-mashine, naye ni mhusika katika filamu bubu iitwayo Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927. Hadithi yake, iliyoandikwa na Thea von Harbou, yahusu mji wa siku zijazo ambamo matajiri huishi juu, penye maghorofa na bustani, ilhali wafanyakazi huishi chini ya ardhi wakizitumikia mashine. Mvumbuzi mmoja aitwaye Rotwang aunda mtu wa chuma, kisha ampa sura ya Maria, msichana anayeaminiwa na wafanyakazi, ili mashine hiyo iwahadae. Wafanyakazi wamfuata Maria wa uongo, wavunja mitambo, na nusura watoto wao wenyewe wafe maji. Chuma chenyewe huonekana kwa dakika chache tu kabla ya kuvikwa sura ya binadamu, lakini ndicho kilichobaki vichwani mwa watu kwa karibu miaka 100.

Neno roboti lilikuwa bado changa wakati huo. Lilianzia katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa Chekoslovakia, ulioandikwa mwaka 1920, naye alilipata kwa ndugu yake Josef. Chimbuko lake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Maroboti ya Čapek hayakuwa ya chuma, bali ya nyama iliyofinyangwa kiwandani. Ni filamu ya Lang iliyotuzoesha kumfikiria roboti kuwa kitu kinachong'aa.

Kazi ya kumwunda alipewa mchongaji Walter Schulze-Mittendorff, aliyezaliwa mwaka 1893. Kwanza alifikiria bati la shaba lililofuliwa kwa nyundo, kama vile mafundi wafuavyo masinia na mabirika. Wazo hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa: ndani ya chuma kile alitakiwa kuingia binti wa watu, akae, ainuke, atembee. Shaba ingemlemea. Ndipo kwa bahati mchongaji akakutana na sampuli ya bidhaa iliyouzwa kwa jina la mbao laini, yaani dawa ya kuzibia nyufa na matundu ya mbao. Ilikuwa laini kama unga uliokandwa, nayo ilipokauka ilikuwa ngumu, ikakubali kukatwa, kupigwa tupa na kusuguliwa kama mti wowote.

Basi akachukua umbo la mwigizaji kwa plasta, mwili mzima, akapata sanamu nyeupe ya kufanyia kazi. Akakata vipande vya gunia. Akaisukuma ile mbao laini juu ya magunia hayo hata ikawa bapa ya unene wa milimita 2, na kifaa alichokitumia kilikuwa kifimbo cha jikoni cha kusukumia unga. Vipande hivyo akavilaza juu ya sanamu ya plasta, kama mafundi wa zamani walivyowatengenezea askari farasi mavazi ya vita, kipande cha kifua, kipande cha bega, kipande cha paja. Vilipokauka akavikata, akavinyoosha kingo, akavisugua. Mwisho akachanganya vanishi na unga wa rangi ya fedha, akaupuliza mchanganyiko huo juu ya vazi zima. Kamera haikutambua tofauti kati yake na chuma, na wala mtazamaji hakutambua.

Aliyetambua ni Brigitte Helm. Hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na ndani ya vazi lile gumu alichubuka na kuumia. Katika filamu tunamwona ameketi kitini, kisha anainuka polepole, anapiga hatua, anamnyoshea mkono bwana mkubwa wa mji. Watazamaji husema mwendo ule mzito ni ustadi wa kuigiza mashine. Mimi nadhani sehemu kubwa yake ni maumivu. Msomaji aliyewahi kusimama zamu ya mchana na kofia ya chuma kichwani atanielewa.

Vazi la asili halipo tena. Hata filamu yenyewe ilikatwakatwa muda mfupi baada ya kuonyeshwa, na vipande vingi vikadhaniwa vimepotea kabisa hadi mwaka 2008, nakala ndefu ilipopatikana katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires, Argentina. Lakini kwa vazi hapakuwa na bahati ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jumba la kuhifadhi filamu la Ufaransa lilipotaka mtu-mashine kwa ajili ya makumbusho yake mjini Paris, halikuwa na la kufanya ila kumrudia mzee mwenyewe. Schulze-Mittendorff alikuwa anakaribia miaka 80. Akaanza upya. Mikono iliyomwunda mtu-mashine wa kwanza ikamwunda wa pili, baada ya zaidi ya miaka 40 na vita moja kuu kati yake. Mzee huyo alifariki mwaka 1976.

Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Star Wars, na ndani yake roboti wa dhahabu aitwaye C-3PO. Mchoraji Ralph McQuarrie, aliyemchora, alikuwa amemtazama mtu-mashine wa Berlin. Mwigizaji Anthony Daniels naye alichukuliwa umbo la mwili mzima kwa plasta kabla ya kuvikwa.

Haya yote nilimsimulia mwanangu jioni ile na kesho yake. Jioni ya tatu akasema, "Basi tumwunde sisi."

Napaswa kukiri, ndugu wasomaji, kwamba nilikubali kwa sababu ambayo si nzuri sana. Mfukoni nilikuwa na barua ya uhamisho, na nyumbani nilikuwa bado sijaisema. Ilinipa majuma 6. Mtoto huyu tulikwisha kumhamisha mara tatu, na mara hii ndipo alipopata rafiki hasa, mtoto wa koplo wa nyumba ya pili, ambaye wakila hapa hulala kule. Niliona ni rahisi kumwambia mtoto jambo zito mikono yake ikiwa na kazi.

Katika Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima wengi wanaotumia jioni zao kuunda sanamu ndogo za maroboti, ndege na vifaru. Wengi hununua boksi lenye vipande vilivyokwisha kupigwa kiwandani, wakaunganisha kwa gundi. Si kosa, hata mafundi wa Star Wars walinunua maboksi ya vifaru na manowari, wakabandika vipande vyake juu ya vyombo vyao vya angani ili vionekane na mitambo mingi. Lakini wanaoheshimiwa zaidi ni wale wanaounda kila kipande wenyewe kwa waya, karatasi, bati na mbao. Mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili anaijua njia hiyo, hata kama hajui kwamba ng'ambo ina jina na mashindano.

Tuanze na vipimo, kwani hapo ndipo sanamu nyingi huharibikia. Tulichukua mtu wa sentimita 165 tukagawa kwa 5, tukapata sanamu ya sentimita 33. Urefu wa kichwa huingia mara saba na nusu katika urefu wa mtu; kwa hiyo kichwa chetu kilikuwa sentimita 4 na milimita 4. Nyonga ziko nusu ya urefu, yaani sentimita 16 na nusu toka chini. Goti liko kiasi cha sentimita 9 na nusu. Mikono ikining'inia, ncha za vidole hufika katikati ya paja; watoto huifanya mifupi kila mara, na sanamu hugeuka kuwa mwanasesere. Vipimo hivi vyote mwanangu aliviandika kwa penseli juu ya karatasi moja ya daftari, akaipigilia ukutani.

Mifupa ni waya wa milimita 2, uliosokotwa maradufu katika miguu. Juu ya waya tuliweka udongo wa mfinyanzi. Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa langu. Udongo hunywea unapokauka, lakini waya haunywei. Tukaiweka sanamu juani asubuhi, na ilipofika saa saba mchana ilikuwa imepasuka kifuani toka shingo hadi kitovu, na paja moja limebanduka. Mtoto wa koplo akacheka. Wangu hakucheka. Ndipo nilipofahamu kwa nini mchongaji wa Berlin alitumia plasta, plasta hainywei.

Mara ya pili tulitumia magazeti. Yachanwe vipande vyembamba, yalowekwe katika uji mzito wa unga wa muhogo, yazungushwe juu ya waya na kukazwa kwa uzi. Usiongeze tabaka jipya kabla la chini halijakauka, na ukaushie kivulini penye upepo. Ilituchukua siku 8. Mwisho tukawa na umbo jepesi, gumu, lenye sura ya mtu aliyefungwa bandeji.

Sasa yaja ile mbao laini. Dawa ya viwandani ya kuzibia mbao hupatikana madukani mijini, lakini yaweza kutengenezwa. Omba unga wa msumeno kwa seremala, uchekeche kwa kichujio cha chai, ukichukua ule mwororo tu. Uchanganye na gundi nyeupe ya mbao kidogo kidogo, ukikanda, mpaka uwe kama unga wa chapati usionata mikononi. Uweke kati ya vipande viwili vya nailoni, laza waya mwembamba kila upande ili unene uwe sawa, kisha usukume.

Hapa mama watoto aliingia jikoni akakikuta kifimbo chake cha chapati. Nilimweleza kwamba kazi ile ya Berlin nayo ilifanywa kwa kifaa cha jikoni. Hakushawishika. Nashauri familia nyingine zinunue kifimbo cha pili kabla ya kuanza.

Unene uliotumiwa na mchongaji, milimita 2, haufai kwa sanamu ndogo. Juu ya mwili wa mtu mzima milimita 2 ni ngozi. Juu ya sanamu ya sentimita 33 ni blanketi. Kwa kweli ingepasa kuwa chini ya nusu milimita, jambo ambalo mikono yetu haikuliweza. Tukaridhika na milimita 1. Badala ya gunia tulitumia chachi ya kufungia vidonda, kwa sababu nyuzi za gunia zingeonekana kama kamba. Kata kwanza vielelezo vya karatasi, uvijaribu juu ya mwili kama mshonaji ajaribuvyo mkono wa gauni, ndipo ukate bapa lenyewe kwa wembe. Wembe aushike mtu mzima.

Uso ndio kazi. Uso wa mtu-mashine hauna mapambo: paji laini, macho yasiyotazama, mdomo uliofungwa, na kofia inayoshuka kandokando ya mashavu. Kwa kuwa hauna kitu, kila kosa huonekana. Pua ikizidi milimita 1 anakuwa mtu mwingine kabisa. Tuliufanya uso mara tatu.

Mara ya tatu ilitokana na mimi. Ilikuwa siku ya Jumapili, alasiri, tuko wawili tu. Mtoto alikuwa anausugua uso kwa msasa mwororo, mviringo mdogo mdogo kama nilivyomfundisha, nami nikaona wakati umefika. Nikamwambia kuhusu barua, mahali tunapokwenda, na siku zilizobaki. Hakusema neno. Aliendelea kusugua. Nilimwangalia nami sikumzuia, na alipoacha, shavu lote la kushoto lilikuwa limekwisha, chachi inaonekana, na chini ya chachi maandishi ya gazeti. Alilitazama, akaliweka mezani, akatoka nje. Uso huo wa tatu niliusukuma mimi usiku, nikauacha kivulini, ili asubuhi aukute umekauka.

Aliukuta. Alipotoka shule alikuja na rafiki yake, wakaketi, wakaendelea bila kunitazama. Niliona ni vizuri kuwaachia karakana.

Mapambo madogo ndiyo yanayoifanya sanamu ionekane kubwa. Mikanda ya tumboni na pete za viungo tulizitoa katika kopo la soda la alumini, ambalo hukatika kwa mkasi wa kawaida. Kingo zake ni kali kuliko zinavyoonekana, kwa hiyo zisuguliwe kwa msasa mara tu baada ya kukatwa. Ukitaka mstari ulioinuka, laza bati juu ya daftari kuukuu, uchore upande wa nyuma kwa kalamu ya wino iliyokwisha. Pete nyembamba zatokana na waya wa umeme uliomenywa na kuzungushwa kwenye msumari. Vidole ni waya uliopakwa gundi na unga wa msumeno. Mtoto wa koplo ndiye aliyevifanya, vyote 10, na nakiri kwamba sijaona vidole vizuri kuliko vile.

Kabla ya rangi, sugua kwa msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, halafu pitisha vanishi iliyozimuliwa, la sivyo nyuzi za mbao zitavimba na uso utakuwa na vinyweleo. Rangi ya fedha ipakwe nyembamba mara tatu au nne, si nzito mara moja. Ikikauka, zimua rangi nyeusi kwa mafuta ya kuzimulia mpaka iwe kama maji machafu, ipake penye mifereji, na uifute kwa kitambaa kabla haijashika. Fanya hivyo nje ya nyumba, mbali na jiko. Weusi utabaki katika viungo, na vipande vitaonekana vimefungwa kwa skrubu. Mwisho kwangua risasi ya penseli iwe unga, uusugulie kwa kidole penye mabega, magoti na paji la uso. Hapo ndipo rangi huacha kuwa rangi. Mama watoto, aliyekuwa bado ana hasira ya kifimbo, alipopita aliigonga sanamu kwa ukucha ili asikie kama ni chuma.

Kazi yote ilituchukua majuma 5 na siku 2. Zikabaki siku 5, na swali ambalo sote tulikuwa tumelikwepa, yaani nani atabaki nayo. Nilikuwa nimekwisha kupanga kupigilia sanduku la mbao lenye nyasi kavu ndani yake, kwani lori la mizigo halimhurumii mtu. Nikamwambia mwanangu. Akaniambia sanduku si la lazima.

Siku ya kuondoka, wakati askari wanapakia vitanda, aliibeba sanamu kwa mikono miwili hadi nyumba ya koplo, wakaisimamisha juu ya kabati kando ya redio, uso ukiuelekea mlango. Sikusikia walichosema. Aliporudi alipanda ukutani juu ya kiti kimoja tulichokuwa bado hatujakipakia, akang'oa ile karatasi ya vipimo, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati.

Tulifika kituo kipya usiku. Asubuhi, kabla hata ya kuuliza shule iko wapi, alimwuliza jirani nyumba ya seremala.